Mwalimu wa Viziwi na Malezi ya Lugha Nchini Kenya

1. Utangulizi

Katika mijadala ya lugha inayofanywa vyuoni, mwalimu wa elimu maalum hatajwi ila kwa nadra sana. Hutajwa mahali pengine: katika ripoti za tume za elimu, katika hotuba za siku za harambee, na katika magazeti wakati shule yake inapopewa msaada wa magodoro au madawati. Huko husifiwa kwa uvumilivu na upendo wake, na sifa hizo anazistahili. Hata hivyo, sifa za namna hiyo zina kasoro moja. Huifanya kazi yake ionekane kuwa ni kazi ya huruma tu, kana kwamba mtu yeyote mwenye moyo mwema angeweza kuifanya. Ama kwa hakika, mwalimu wa watoto viziwi hufanya kazi ya lugha kabla ya kazi nyingine yoyote. Walimu wengine wote humpokea mtoto aliyekwisha pata lugha nyumbani, nao huijenga elimu juu ya msingi huo. Yeye mara nyingi humpokea mtoto ambaye msingi wenyewe haujawekwa.

Makusudi ya makala haya ni kueleza kazi hiyo jinsi ilivyo katika shule za viziwi za Kenya: matatizo ya lugha anayokutana nayo mwalimu, njia alizozitumia zamani na anazozitumia sasa kuwasaidia wanafunzi wake, na mahali ambapo jitihada zake hukwama kwa sababu zisizo katika uwezo wake. Itaonyeshwa pia kwamba baadhi ya vikwazo hivyo vinahusu moja kwa moja idara za lugha za vyuo vikuu, na hasa wale wanaojishughulisha na Kiswahili.

2. Kiziwi katika macho ya lugha

Kabla ya kuingia darasani, yafaa kutazama jinsi Kiswahili chenyewe kinavyomweka kiziwi. Kitenzi "sikia" kina maana pana kupita ile ya kupokea sauti masikioni. Mtu husikia harufu, husikia njaa na husikia maumivu. Zaidi ya hayo, kusikia ni kuelewa, na tena ni kutii. Watu wakipatana husemwa kuwa wamesikilizana, na mapatano yao huitwa masikilizano. Mtoto mwema ni msikivu. Mzee akisema "mtoto huyu hasikii," hakuna atakayedhani kwamba masikio ya mtoto yana ugonjwa. Kila mtu ataelewa kwamba mtoto ni mtukutu. Methali nazo zimeshika njia iyo hiyo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa.

Kwa hiyo mtoto kiziwi huzaliwa ndani ya lugha ambayo imekwisha kuunganisha kutosikia na ukaidi. Mzazi ambaye hajajua bado kwamba mwanawe ni kiziwi humwita asiitike, humtuma asiende, humkanya asikome. Naye huchukua fimbo. Kosa hili halitokani na ukatili. Neno moja limebeba mambo mawili, na mzazi ameliona lile alilolizoea. Mwalimu anayemhoji mzazi wakati wa kumwandikisha mtoto hulazimika kuyatenganisha mambo hayo mawili kwa saburi, na pengine hiyo ndiyo huduma ya kwanza anayompa mwanafunzi wake.

Neno "bubu" nalo lina madhara yake. Watu wengi husema "bubu" wanapomtaja kiziwi, kwa kuwa kiziwi wa tangu kuzaliwa hasemi. Lakini ulimi na koo la mtoto huyo ni vizima. Hasemi kwa sababu hakuna sauti iliyomfikia aiige, wala haimfikii sauti yake mwenyewe aisahihishe. Kumwita bubu ni kudai kwamba hana lugha wala hawezi kuwa nayo, nayo ni hukumu inayotolewa kabla ya ushahidi. Ndiyo maana neno "kiziwi" linakubaliwa na viziwi wengi ilhali "bubu" huwaudhi. Kuhusu umbo la "kiziwi", "kipofu" na "kiwete", wako wanaoona dharau katika kiambishi ki-. Hoja hiyo haina nguvu sana, maana "kiongozi", "kijana" na "kinyozi" yana umbo hilo hilo, na yote huchukua upatanisho wa watu: kiziwi amefika, viziwi wamefika.

3. Mtoto anayefika shuleni bila lugha

Uziwi una sura nyingi. Yuko mtoto aliyesikia kwa miaka kadhaa akajifunza kusema, kisha akapoteza usikizi kwa homa ya uti wa mgongo, surua au maradhi mengine. Mtoto huyu tayari ana sarufi kichwani. Alichopoteza ni mlango wa kuingizia maneno mapya. Mfano mashuhuri ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepata uziwi akiwa na umri wa miaka 11, akahitimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mwaka 1954, na kuanzia mwaka 1957 akafungua shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika, akianzia Ghana, hata alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987.

Yuko pia mtoto aliyezaliwa kiziwi, au aliyepata uziwi kabla ya kujifunza kusema. Huyu ndiye anayempa mwalimu kazi kubwa zaidi. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba zaidi ya watoto viziwi tisa kati ya kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake ni kwamba mtoto huyu hukua miongoni mwa watu wanaompenda lakini wasio na lugha ya kumpa. Nyumbani hubuniwa ishara chache: ya kula, ya kulala, ya kuchota maji, ya baba na ya ng'ombe. Kwa ishara hizo mtoto anaweza kutumwa na kukatazwa. Hawezi kusimuliwa hadithi, kuelezwa kwa nini nyanya yake amezikwa, wala kuuliza kesho kutakuwaje.

Wataalamu wa isimu wanakubaliana kwamba miaka ya mwanzo ya maisha ndiyo yenye rutuba ya lugha. Mtoto anayesikia huingia darasa la kwanza akiwa na maelfu ya maneno na sarufi karibu yote ya lugha ya mama. Mtoto kiziwi akiletwa shuleni na umri wa miaka minane au kumi, kama inavyotokea mara nyingi pale ambapo wazazi hawakujua kuwa kuna shule au hawakuwa na karo ya bweni, miaka hiyo yenye rutuba imekwisha pungua. Kazi ya mwalimu kwa mtoto wa aina hii haianzi na kusoma wala kuhesabu. Huanza na jambo lililo chini kabisa ya elimu yote, yaani kumfahamisha kwamba kila kitu kina jina, na kwamba watu wawili wanaweza kuzungumzia kitu kisichokuwapo mbele yao.

4. Njia ya midomo na mipaka yake

Elimu rasmi ya viziwi nchini Kenya ilianza katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Chama cha kuwasaidia watoto viziwi kiliundwa mwaka 1958, na mwaka 1961 zikafunguliwa shule za Nyang'oma na Mumias chini ya Kanisa Katoliki. Shule nyingine zilifuata katika sehemu mbalimbali za nchi. Njia iliyotumiwa katika shule hizo ilikuwa ile iliyotawala Ulaya tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880. Mkutano huo uliazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa usemi wa mdomo na kwamba ishara ziepukwe. Karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia.

Kwa njia hiyo mwanafunzi alitakiwa kuyatazama maneno midomoni mwa mwalimu na kuyaiga. Ugumu wake unaweza kuonyeshwa kwa maneno matatu ya Kiswahili ambayo kila mtoto huyajua: "papa", "baba" na "mama". Anayesikia hawezi kuyachanganya. Lakini sauti p, b na m zote hutamkwa kwa kufunga midomo, na tofauti zake zimo kooni na puani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa anayetazama midomo peke yake, samaki, mzazi wa kiume na mzazi wa kike ni neno moja. Kwa jinsi iyo hiyo "pata" na "bata" havitengani, na sauti k, g na h, zinazotokea nyuma ya kinywa, karibu hazionekani kabisa. Hata kiziwi hodari wa kusoma midomo hukisia sehemu kubwa ya anachokiona, na ili mtu akisie ni lazima awe na lugha tayari. Mtoto asiyekuwa na lugha hana cha kukisia nacho.

Isidhaniwe kwamba walimu wa kipindi hicho walikosa bidii. Wengi wao walishika mikono ya watoto na kuiweka kooni mwao ili waihisi sauti ikitetemeka. Walipuliza manyoya na miali ya mishumaa ili kuonyesha pumzi ya p. Walikaa na mtoto mmoja nusu saa kwa ajili ya silabi moja. Baadhi ya wanafunzi, hasa wale waliobakiwa na usikizi kidogo, walifaidika. Lakini kwa wengi miaka ilipita ikatumika katika kutamka, na elimu yenyewe ikasubiri. Wakati huo huo ishara zilikatazwa darasani, na mtoto aliyeonekana akizitumia aliweza kuadhibiwa.

Ishara hazikufa, hata hivyo. Zilihamia bwenini. Usiku, taa zikiwaka, watoto waliotoka nyumba mbalimbali walileta ishara zao za nyumbani, wakapatanisha, wakaongeza, na wakubwa wakawafundisha wadogo. Jambo la namna hii limeonekana pia nchini Nicaragua, ambako kukusanywa kwa watoto viziwi katika shule mwishoni mwa miaka ya 1970 kulizaa lugha mpya ya ishara ambayo wataalamu waliweza kuifuatilia ikikua. Kuhusu Kenya, Okoth Okombo na Philemon Akach walieleza mwaka 1997 jinsi ishara za sehemu mbalimbali zilivyoenea kama mawimbi na kukaribiana mpaka zikafanya lugha ya taifa ya viziwi. Kwa hiyo lugha hiyo haikubuniwa na ofisi yoyote. Waliokatazwa kuitumia ndio walioijenga.

5. Kutoka ishara hadi lugha

Mabadiliko nchini Kenya yalikuja katika miaka ya 1980, pale ishara zilipoanza kuruhusiwa rasmi darasani pamoja na usemi na maandishi. Mwaka 1986 ilianzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, ijulikanayo kwa kifupi kama KISE, na walimu wa elimu maalum wakapata mahali pao maalum pa mafunzo. Michael Ndurumo, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe ni kiziwi, alikuwa miongoni mwa waliotetea ishara zitumiwe shuleni.

Hatua hiyo ilifungua mlango, lakini ilileta swali jipya ambalo mwanaisimu atalielewa mara moja: ni ishara za namna gani? Kulikuwa na mfumo wa kuonyesha Kiingereza kwa mikono, neno kwa neno, kwa mpangilio wa Kiingereza, pamoja na ishara za kuonyesha viambishi vyake. Mfumo huo ulimpendeza mwalimu anayesikia, kwa sababu aliweza kusema na kuonyesha kwa wakati mmoja. Kwa upande mwingine ilikuwapo lugha ya viziwi wenyewe, ambayo leo huitwa Lugha ya Ishara ya Kenya. (Watanzania hupendelea "lugha ya alama", nayo yao huitwa Lugha ya Alama ya Tanzania.) Wa kwanza ni Kiingereza kilichovikwa mikono. Ya pili ina sarufi yake.

Kwamba lugha za ishara zina sarufi si jambo la kudhaniwa tu. William Stokoe, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza huko Gallaudet, alionyesha mwaka 1960 kwamba ishara za viziwi wa Marekani hugawanyika katika viungo visivyo na maana peke yake: umbo la mkono, mahali inapofanyiwa ishara, na mwendo wa mkono. Viungo hivyo hufanya kazi ile ile ya fonimu. Kama vile "pata" hugeuka "bata" kwa kubadili sauti moja, ndivyo ishara inavyogeuka nyingine kwa kubadili umbo la mkono au mahali pake. Wachunguzi wa baadaye waliongeza upande unaotazama kiganja, na pia uso: nyusi, macho na kichwa hubeba kazi za sarufi, kama vile kuonyesha swali au kukanusha.

Kwa msomi wa Kiswahili kuna ulinganisho mmoja unaofaa kufikiriwa. Katika lugha nyingi za ishara zilizochunguzwa, vitenzi kama "pa" na "ambia" husafiri hewani kutoka kwa mtendaji hadi kwa mtendwa. Mkono ukitoka kifuani mwa msemaji ukaenda kwa anayetazama, maana ni "ninakupa". Ukitoka kwake ukarudi kifuani, maana ni "unanipa". Mtu asiyekuwapo hupewa mahali pake hewani, na mkono ukielekea huko maana huwa "ninampa". Mtu anayefahamu Kiswahili huziona nafasi za viambishi ni- na ku- zikichorwa mbele yake. Kiingereza, ambacho hutaja watendaji kwa maneno yaliyosimama mbalimbali, hakina jambo linalofanana nalo kwa karibu hivyo. Ulinganisho huu una mipaka, maana wakati hauonyeshwi ndani ya kitenzi kama katika -na- na -li-. Mara nyingi hutajwa kwanza kwa ishara kama ya "jana", na maelezo hufuata. Lakini unatosha kuonyesha kwamba kitenzi kinachobeba mtendaji na mtendwa ndani yake si kigeni kwa mwalimu aliyesomea lugha za Kibantu.

6. Mwalimu kazini

Mwalimu mpya anayepelekwa katika shule ya viziwi huenda akafika akiwa na ishara chache alizofundishwa chuoni, na pengine hana kabisa. Walimu wake wa kwanza watakuwa wanafunzi. Hali hii, ambayo ni kinyume cha desturi zote za darasa, hudai unyenyekevu ambao haumo katika mtaala wowote. Mwalimu anayeukubali huuliza ishara ya kitu fulani, huiga, husahihishwa na watoto wa miaka tisa, na baada ya mwaka mmoja huweza kusimulia. Anayeukataa huendelea kuandika ubaoni na kunakilisha, na wanafunzi wake hunakili maneno wasiyoyaelewa kwa hati nzuri sana.

Darasa lenyewe hupangwa kwa ajili ya macho. Madawati huwekwa kwa umbo la nusu duara ili kila mwanafunzi aone mikono ya kila mwenzake. Mwalimu hasimami na dirisha nyuma yake, maana mwanga ungeuficha uso. Haongei akiwa ameelekea ubao. Akitaka kuitwa macho ya darasa zima, huzimisha na kuwasha taa, au hupiga sakafu kwa mguu ili mtetemo ufike miguuni mwa watoto. Hawezi kuonyesha picha na kueleza kwa wakati mmoja, kwa sababu jicho ni moja kwa kazi zote mbili. Huonyesha, husubiri, kisha hueleza. Kwa hiyo somo la dakika thelathini huenda polepole kuliko katika shule nyingine, na mtaala uliopimwa kwa mwendo wa watoto wanaosikia humwacha nyuma.

Kazi iliyo ngumu zaidi ni kusoma. Wanaofundisha Kiswahili hujivunia, na kwa haki, kwamba maandishi yake hufuata matamshi. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, huweza kusoma neno asilowahi kuliona, akalitamka, na sikio lake likalitambua. Kwa mtoto kiziwi faida hiyo yote haipo. Silabi hazimkumbushi neno lolote alilolisikia, kwa sababu hakulisikia. Mwalimu hana budi kuanza na neno zima, alifunganishe na kitu chenyewe na ishara yake, kisha alitahajie kwa alfabeti ya vidole mpaka umbo lake likae machoni.

Baada ya hapo huja matatizo ya maana. Walimu wa Tanzania wanayajua vizuri, maana huko Kiswahili ndicho lugha ya shule za msingi za serikali, na mtoto wa shule ya viziwi ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1963, au ya Buguruni, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1974, hukutana nacho katika kila kitabu. Mtoto aliyefundishwa ishara ya "kaa" kwa maana ya kuketi atashangaa kusoma kwamba kaa ametembea ufuoni, au kwamba mama ametia kaa la moto jikoni. Aliyefundishwa kwamba "piga" ni kuchapa atayaelewaje maneno "alipiga pasi", "alipiga magoti", "alipiga picha", "alipiga simu"? Mtoto anayesikia hakufundishwa mambo haya na mtu. Aliyaokota jikoni na njiani. Mwalimu wa viziwi hulazimika kuyatoa moja moja, kila maana na ishara yake. Pia viambishi, ambavyo katika usemi hupita kwa wepesi, kwake ni herufi mbili tatu zinazogeuza kila kitu: "hatapika" na "hakupika", "alimwona" na "alimwonea".

Kazi haiishi kengele inapolia. Shule nyingi za viziwi ni za bweni, na mwalimu wa zamu huwa mlezi. Mtoto akiugua, mwalimu ndiye mkalimani hospitalini. Kijana akipatikana na shauri polisi, mwalimu huitwa. Zaidi ya yote, wazazi humhitaji. Mtoto aliyejifunza lugha kwa miezi mitatu hurudi likizoni katika nyumba ambamo hakuna anayeijua, na mengi ya aliyoyapata humezwa na ukimya. Walimu wanaowafundisha mama, baba na ndugu ishara hamsini za mwanzo siku ya kuja kumchukua mtoto hufanya jambo ambalo matunda yake ni makubwa kuliko vipindi vingi vya darasani. Walimu ambao wenyewe ni viziwi wana nafasi ya pekee hapa. Mzazi akimwona mtu mzima kiziwi mwenye kazi, familia na maneno mengi, huacha kuuliza kama mwanawe atapona, na huanza kuuliza atasomea nini.

7. Sheria, mtihani na Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliipa lugha hii heshima isiyokuwa nayo kabla. Kifungu cha 7 huitaka serikali kuendeleza Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na lugha za kiasili na maandishi ya Breli. Kifungu cha 54 humpa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Na Kifungu cha 120 huitaja kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katika mwaka uo huo wa 2010, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver uliyakana rasmi maazimio ya Milan, miaka 130 baada ya kupitishwa.

Lugha ya Ishara ya Kenya pia ni somo la kutahiniwa. Mtahiniwa kiziwi hulifanya badala ya Kiswahili. Ndivyo ilivyokuwa katika mtihani wa KCPE hata ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na ndivyo ilivyo katika KCSE. Uamuzi huu ulikuwa wa haki. Haikufaa mtoto apimwe kwa imla na matamshi, wala haikufaa lugha yake mwenyewe isihesabiwe katika alama zake.

Hata hivyo, neno "badala" lina gharama yake. Mtoto kiziwi wa Mombasa, ambaye nyumbani kwake hakisemwi ila Kiswahili, hujifunza shuleni lugha ya ishara na Kiingereza cha kuandika. Barua ya shangazi yake, ujumbe wa simu wa ndugu yake, maandishi ya kwenye matatu na tangazo la chifu vyote viko katika lugha ambayo shule haikumfundisha kuisoma. Anatoka akiwa raia wa nchi ambayo lugha yake ya taifa ni Kiswahili, na hana njia ya kuwaandikia watu wa nyumbani kwake. Hakuna awezaye kusema kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa hapo jirani Tanzania watoto wa hali iyo hiyo husoma Kiswahili kila siku.

Dawa si kuiondoa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali ilipopandishwa. Kinachohitajika ni nafasi ya Kiswahili cha kusoma na kuandika kwa mwanafunzi kiziwi anayekitaka, kikifundishwa kwa kupitia lugha ya ishara na kutahiniwa pasipo matamshi. Mwalimu mmoja mmoja anaweza kukiingiza katika vipindi vya jioni, lakini bila mtaala, vitabu na mtihani jitihada yake haitadumu.

8. Wajibu wa idara za lugha

Hapa ndipo kazi ya mwalimu na kazi ya msomi zinapokutana. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na mradi wa uchunguzi wa Lugha ya Ishara ya Kenya tangu mapema katika miaka ya 1990, na tasnifu kadhaa zimeandikwa tangu hapo. Lakini lugha hii haina mfumo wa maandishi ulioenea, na wachunguzi huandika ishara zake kwa maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa. Desturi hiyo ina athari. Msomaji huiona lugha ya Kiafrika ikiwa imevaa nguo za Kiingereza, na mambo ambayo Kiswahili kingeyaeleza kwa neno moja, kama "ninakupa", huvunjwa vipande. Uchambuzi wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulioandikwa kwa Kiswahili ungempa mwalimu kitabu cha kazi, na ungeipa isimu ya Kiswahili istilahi ambazo bado haina: za umbo la mkono, za mahali, za mwendo na za uso.

Kamusi ya maana kwa maana, yenye kuonyesha ishara mbalimbali za "piga", "kaa" na "kata", ni kazi nyingine inayongoja. Haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji wanaleksikografia wakae na walimu na viziwi wenyewe, kwa sababu ujuzi huo tayari upo, ila umo mikononi mwa watu ambao hawajaulizwa.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba mwalimu wa viziwi ni mwalimu wa lugha kwa maana iliyo ya ndani zaidi. Huitenganisha maana ya kutosikia na ile ya kutotii. Humwingiza mtoto katika lugha akiwa amechelewa. Hujifunza kwa wanafunzi wake kile anachokwenda kuwafundishia. Hulivunja neno moja katika maana zake nyingi. Na huipeleka lugha mpaka nyumbani kwa mtoto ili isife likizoni. Njia ya midomo ilishindwa ijapokuwa waliokuwa nayo walikuwa na bidii, na hilo ni funzo kwamba bidii ya mwalimu haitoshi ikiwa fikira ya lugha iliyo nyuma yake si sahihi. Fikira hiyo hutengenezwa vyuoni. Maadamu Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha miongoni mwa lugha za Afrika, inastahili kuchunguzwa, kuelezwa na kufundishwa katika idara zile zile zinazochunguza nyingine, na mwalimu aliyeilea kwa miaka mingi bila msaada anastahili kuketi katika mijadala yake.